Maswali ya Wasomaji: Matuta ya Wainka kwa Macho ya Mtu wa Kigoma

Tangu tulipochapa, katika toleo lililopita, picha ya matuta ya mawe ya Pisac nchini Peru, yaliyojengwa na Wainka waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania kufika, barua zimefika kwa wingi usio wa kawaida, na nyingi zimetoka mkoa wa Kigoma. Sikushangaa. Mtu aliyelelewa kwenye miinuko ya Kasulu au Buhigwe, au kwenye vilima vinavyoteremkia Ziwa Tanganyika, anajua mvua moja ya Novemba inaweza kulifanya nini shamba la mteremkoni. Nimechagua barua tano. Mimi mwenyewe nilifika huko mara moja, mwezi wa Mei.

Swali: Mhariri, mimi na mwenzangu ni walimu wastaafu. Tumeweka akiba kwa miaka mingi ili tufanye safari moja kubwa kabla miguu haijachoka, na tumeazimia kwenda kuona matuta ya kilimo ya Wainka, si kupiga picha Machu Picchu, ule mji wao wa kale juu ya mlima, na kurudi. Mimi nina miaka 63, mwenzangu ana 61. Twende wapi, mwezi gani, na je, mwili utastahimili? (Mwalimu mstaafu, Kasulu)

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na mwili, kwa sababu ndio utakaoamua mengine yote. Ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hata Kasulu, pamoja na baridi yake, haifiki nusu ya urefu wa Cusco, mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka, ambao uko kwenye mita 3,400 hivi. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atapata kipimo: Cusco iko juu ya kituo cha Mandara, na chini kidogo ya kituo cha Horombo. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro unaipanda kwa miguu, hatua kwa hatua, ilhali Cusco unafikishwa na ndege kutoka Lima, mji wa pwani, kwa muda wa saa moja na robo hivi, na mwili haupati nafasi hata ya kuuliza umepelekwa wapi. Kichwa huuma, pumzi hukata kwa kupanda ngazi chache tu, na usingizi hukataa.

Kosa langu lilikuwa kulala Cusco usiku wa kwanza. Fanyeni kinyume chake: mkitoka uwanja wa ndege, chukueni gari moja kwa moja hadi bonde la mto Urubamba, linaloitwa Bonde Takatifu, ambako miji ya Pisac, Urubamba na Ollantaytambo iko chini ya mita 3,000. Kaeni huko siku tatu au nne, mtembee polepole na kunywa maji mengi, ndipo mpande Cusco mwishoni. Kabla ya safari, mwoneni daktari awapime moyo na shinikizo la damu. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ipo, lakini ni yeye wa kuamua kama inawafaa. Wenyeji watawakaribisha chai ya majani ya koka, nayo kule ni halali na ya kawaida kama chai ya tangawizi kwetu. Inyweni huko huko. Msithubutu kufungasha hata jani moja katika mizigo ya kurudi nyumbani, kwa kuwa katika nchi nyingi mtakazopitia, na kwetu pia, hilo ni kosa la jinai.

Kuhusu majira, mtu wa Kigoma hana la kujifunza upya, maana kule nako mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Machi, kisha hufuata kiangazi kirefu. Wageni wengi huenda Juni na Julai kwa sababu anga ni safi, ila usiku wa miezi hiyo baridi hushuka hadi kwenye kiwango cha barafu, na mashamba yamekwisha kuvunwa. Kwa walimu waliokusudia kuona matuta yakiwa kazini, mimi ningechagua mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei: mvua imekatika, majani bado ni ya kijani, na mahindi yangali yamesimama au ndiyo kwanza yanavunwa.

Sasa mahali. Anzeni na Pisac, ambako matuta yameukumbatia mlima kwa mikunjo mirefu ifuatayo umbo lake, na mtaweza kuteremka kwa miguu kutoka juu hadi mjini mkiwa na saa za kutosha. Ollantaytambo ina ngazi kubwa zilizojengwa kwa mawe mazuri zaidi, na chini yake kuna mji ambao bado unatumia mitaa na mifereji iliyopangwa na Wainka. Kutoka hapo ndipo watu hupanda treni ya kwenda Machu Picchu. Ni mwendo wa saa mbili hivi, jambo litakalomchekesha aliyekwisha kulala mara mbili ndani ya treni ya Reli ya Kati. Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430 tu, kwa hiyo pumzi si tatizo, lakini tiketi zake hutolewa kwa saa maalumu na kwa njia maalumu za kutembelea, na inafaa kuzinunua miezi kadhaa mapema. Pisac, Ollantaytambo, Moray, Chinchero na Tipón huingiliwa kwa tiketi moja ya pamoja ambayo hudumu siku kumi. Machu Picchu haimo.

Kama ningeruhusiwa kuwachagulia mahali pamoja tu, ningewapeleka Tipón, kusini mashariki ya Cusco, ambako wageni wengi hawafiki. Hapo mtaona ngazi pana za shamba zilizozungushiwa kuta za mawe yaliyochongwa kwa ustadi, na juu yake kuna chemchemi ambayo maji yake yangali yanatiririka katika mifereji ya mawe iliyojengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mahali pamoja mkondo mmoja hugawanyika kuwa miwili, kisha minne, na kuanguka sambamba, sauti moja, kana kwamba fundi ameondoka jana. Nilikaa hapo tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Ndipo nilipofahamu kwamba kuyaangalia matuta ya Wainka bila kuyafuatilia maji yake yanakoingia na yanakotokea ni sawa na kuangalia mashua iliyovutwa ufukweni.

Mkiwa na siku za ziada, nendeni Bonde la Colca, upande wa Arequipa. Njia inapita mahali palipo juu ya mita 4,900, kwa hiyo mwende baada ya mwili kuzoea, si kabla. Thawabu yake ni kwamba matuta ya Colca hayajawa makumbusho. Wakulima wanayalima hadi leo, na mengi kati yake yalikuwapo hata kabla ya Wainka, kwa kuwa Wainka walikuta ufundi huu umekwisha kukomaa mikononi mwa watu waliowatangulia, wakiwamo Wawari, wakaupanua kwa nguvu ya dola. Choquequirao, magofu mengine ya Wainka, penye kuta zilizopambwa kwa sanamu za mawe meupe za llama, yule mnyama wa mizigo wa Andes, ni pazuri mno, lakini ni mwendo wa miguu wa siku mbili kwenda tu, kwa kuteremka korongo la mto Apurímac na kulipanda upande wa pili. Mwalimu, naomba huko muwaachie vijana.

Kwa jumla tengeni wiki mbili kamili, bila kuhesabu siku za angani. Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia mojawapo ni kupitia Addis Ababa hadi São Paulo, kisha Lima. Suala la viza, pamoja na viza za nchi mtakazobadilishia ndege, limalizeni kabla ya kulipia tiketi yoyote.

Swali: Mimi ni fundi mwashi. Nimeambiwa kwamba kuta za Wainka hazina saruji wala udongo katikati ya mawe, na kwamba hata wembe haupenyi. Mimi nimejenga kuta nyingi za kuzuia udongo hapa mjini, tena kwa saruji, na baadhi yake zimeanguka kabla ya miaka kumi. Wao walikuwa na siri gani? (Fundi, Ujiji)

Jibu: Fundi, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo waongoza wageni huyachanganya. Kuta ambazo wembe haupenyi ni za mahekalu na majumba ya watawala. Kuta za matuta kwa sehemu kubwa ni za mawe ya kawaida yaliyopangwa kwa akili, mara nyingi na udongo kati yake, na macho ya fundi kama wewe yangeona mara moja kwamba hazikulenga urembo.

Siri, kama ni siri, iko nyuma ya ukuta. Ukuta wa kuzuia udongo hauangushwi na udongo mkavu. Huangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea, yakaujaza udongo uzito na kuusukuma mbele. Nadhani ukizikumbuka zile kuta zako zilizoanguka, utaona kwamba zilianguka masika. Saruji inaziba, na ukuta ulioziba bila matundu ya kutolea maji ni bwawa lililosimamishwa wima. Wainka walifanya hivi: nyuma ya ukuta waliweka mawe makubwa chini kabisa, juu yake changarawe, kisha mchanga, na juu kabisa udongo mzuri wa kulimia, ambao mara nyingine ulibebwa kutoka bondeni. Mvua ikinyesha, maji hupenya tabaka moja baada ya jingine na kutoka taratibu kwenye ngazi ya chini. Ukuta wenyewe haukusimama wima, bali ulilala kidogo kuelekea mlimani, hivyo uzito wa udongo unakutana na uzito wa mawe uliokwisha kuegemea upande wake.

Machu Picchu ni mahali penye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, tena juu ya kilele chembamba, na pasipo mpango huo pangekuwa pamekwisha kuporomokea mtoni. Mhandisi wa maji Kenneth Wright, aliyepachunguza pamoja na mwanaakiolojia Alfredo Valencia Zegarra, alikadiria kwamba asilimia 60 hivi ya kazi yote ya ujenzi wa pale imefichika chini ya ardhi. Hebu fikiria ukimwambia mteja wako kwamba zaidi ya nusu ya fedha zake zitazikwa mahali ambapo hataziona kamwe! Wao mteja wao alikuwa dola, na malipo yalikuwa zamu ya kazi iliyoitwa *mit'a*, ambayo kila jamii ilidaiwa.

Jambo jingine utakalolipenda ni ngazi zao za kupandia. Badala ya kumega ukuta, walichomeka mawe marefu yaliyotokeza nje kwa mshazari, moja juu ya jingine, na mkulima akapanda juu yake kutoka tuta moja hadi jingine bila kupoteza hata kipande kidogo cha shamba. Nilizipanda, na nilizishuka kwa kukaa.

Kuta hizo pia ziliwakinga na baridi. Mchana jiwe hunywa jua, na usiku hulirudisha joto lile kwenye mizizi, hivyo baridi kali ya alfajiri hupoteza makali kabla haijaua mimea. Nikuongezee neno moja la stesheni: Wahispania waliyaita matuta haya *andenes*, na neno hilohilo ndilo wanalolitumia hadi leo kwa jukwaa la abiria kusubiria treni.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nimeona picha ya Moray, matuta ya duara kama bakuli. Je, ni kweli ilikuwa maabara ya kilimo? (Mwanafunzi, Tabora)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Moray iko kaskazini magharibi ya Cusco, kwenye mita 3,500 hivi, na bakuli lake kubwa lina kina cha mita 30 hivi. Joto halilingani kati ya ngazi ya juu na ya chini, na mtafiti John Earls alitoa hoja kwamba Wainka walitumia tofauti hiyo kujaribia mazao ya miinuko mbalimbali. Hoja inavutia, nami ninaielekea, lakini hakuna Mwinka aliyeacha maandishi ya kuithibitisha, na wako wataalamu wanaoona kwamba duara lile lilikuwa mahali pa ibada. Ukiandika insha, andika kwamba ni dhana. Picha za kutoka angani zilizopigwa mwaka 1931 ndizo zilizoitangaza Moray duniani, na mvua kubwa za mwaka 2010 ziliziangusha baadhi ya kuta zake, ambazo baadaye zilijengwa upya.

Swali: Mimi ni mkulima wa mihogo na maharage kwenye mteremko mkali. Kila mwaka udongo unashuka na mvua. Nilipoona ile picha nilijiuliza: kama Wainka waliweza, kwa nini sisi tusijenge? Tena nasikia kwamba hata wao matuta yao mengi yametelekezwa. Yalishindwa? (Mkulima, Buhigwe)

Jibu: Ndugu mkulima, nianze na kutelekezwa. Matuta hayakushindwa, watu ndio waliotoweka. Wahispania chini ya Francisco Pizarro walimteka mtawala Atahualpa huko Cajamarca mwaka 1532, na ndui, iliyokwisha kutangulia, iliendelea kuwamaliza wenyeji. Kisha, katika miaka ya 1570, gavana mkuu Francisco de Toledo aliwakusanya waliobaki katika vijiji vipya mabondeni ili watozwe kodi na kufundishwa dini kwa urahisi. Wazee wa mkoa wetu wanaokumbuka kuhamishiwa vijiji katika miaka ya 1970 wataelewa, bila maelezo marefu, kinachotokea kwa shamba lililoachwa umbali wa nusu siku kutoka nyumbani. Tuta la mawe linahitaji mkono kila msimu: jiwe likianguka lirudishwe, mfereji ukijaa tope uzibuliwe. Pakikosekana wa kufanya hivyo, ukuta mmoja huanguka juu ya wa chini yake.

Mikono hiyo hupatikana kwa utaratibu uitwao *ayni* kwa lugha ya Kikechua: leo watu wote wanakuja kwako, kesho nawe unakwenda kwao, na mwenye shamba anawapa chakula na chicha, pombe ya mahindi. Kwetu kualikana kulima ni hivyohivyo. Ann Kendall, mwanaakiolojia Mwingereza aliyefanya kazi katika bonde la Cusichaca kuanzia miaka ya 1970, alishirikiana na wanavijiji kufufua mifereji na matuta ya kale kwa udongo, mchanga na utomvu wa dungusi kakati badala ya saruji, na maji yakarudi mashambani.

Je, nasi tujenge? Hapa nitasema maoni yangu waziwazi. Ukuta wa mawe unahitaji mawe mengi karibu na shamba, na unahitaji nguvu kazi ambayo familia moja haina. Tena nchi yetu ina kumbukumbu chungu: katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kazi nzito ambayo kwenye udongo mwembamba iliuleta juu udongo usio na rutuba, na mwaka 1955 wananchi waliukataa mradi huo kwa vurugu hadi ukasitishwa. Kosa halikuwa tuta. Kosa lilikuwa kuleta umbo la tuta bila kuuliza udongo wa mahali pale, wala mtu atakayelichimba.

Hata hivyo usidhani kwamba ufundi huu ni wa kigeni barani kwetu. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna mabaki ya mashamba ya mawe na mifereji iliyolimwa hadi karne ya 18; Wakonso wa Ethiopia wangali wanayalima matuta yao ya mawe; na Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, ambayo huyashika maji bila jiwe hata moja. Kwa mteremko wako, ningeanza na fanya juu: unapima mstari wa kontua, yaani unaoukata mteremko kwa usawa mmoja, kwa fremu ya herufi A, unachimba mfereji kwenye mstari huo, unautupa udongo upande wa juu, na juu ya tuta hilo unapanda majani ya tembo yatakayolishikilia na kulisha ng'ombe. Kadiri miaka inavyopita, udongo unaoshuka hujikusanya nyuma ya tuta, na mteremko hujigeuza ngazi wenyewe. Mwombe afisa ugani wa kata akusaidie kupima mistari, kwa sababu tuta lililopinda hukusanya maji mahali pamoja na kupasuka, na hapo unakuwa umejitengenezea korongo. Kama mteremko ni mkali kupita kiasi, uache uwe wa miti. Vijiji vya jirani na Gombe, ambako mradi wa hifadhi ya mazingira wa TACARE ulianza mwaka 1994, vilijifunza hilo baada ya vilima kuwa vitupu.

Swali: Mume wangu anataka twende huko Peru. Mimi ni mtu wa ugali na dagaa. Nitakula nini? (Mama wa Kibirizi, Kigoma)

Jibu: Mama, hutalala njaa. Mahindi utayakuta, yale meupe ya bonde la Urubamba yana punje kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, na huuzwa barabarani yakiwa yamechemshwa, pamoja na kipande cha jibini. Viazi mviringo asili yake ni huko Andes, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi kilichoko Lima kinahifadhi aina zaidi ya 4,000. Utapewa pia chuño, viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu kutolewa maji, kisha vikaanikwa juani. Hukaa miaka bila kuoza, na ladha yake itakukumbusha makopa. Supu ya kwinoa, punje ndogo za huko Andes zinazopikwa kama nafaka, ni nyepesi na nzuri kwa tumbo lililochoshwa na mwinuko. Samaki aina ya trauti hukaangwa kila mahali, ila dagaa beba wako. Simbilisi wa kuchoma huletwa mezani mzima na meno yake, kwa hiyo ukiagiza, ujue unachoagiza. Na ukiona kitu kama nyanya ndogo nyekundu pembeni mwa sahani, kipasue kwanza: kikiwa na mbegu nyeusi, hiyo si nyanya bali ni rocoto, na pilipili yetu ya kichaa inaiamkia.